Sura Moja Mara Mbili: Kidole Kwenye Simu, Brashi Kwenye Kibao

Maswali ya wanaoanza ni yale yale. Nitumie programu gani? Mbona kidole kinaziba jicho ninalolichora? Mbona sura inatoka laini kama ya sanamu ya dukani? Na lipo swali kubwa zaidi, la mtu aliyekwisha kushika brashi mwaka mmoja au miwili: nikianza kuchora kwenye simu, mkono hautaharibika?

Hautaharibika, ukiipa simu kazi inayoiweza. Kidole ni butu. Hakichori kope wala uzi wa kofia ya viua, na hiyo ndiyo faida yake, kwa sababu kosa la karibu kila anayejifunza kuchora sura ni kukimbilia kope kabla paji la uso halijakaa mahali pake. Kwenye simu unatafuta umbo kubwa, kivuli na rangi. Kwenye kibao unatafuta kipimo, ukingo na uhai wa rangi yenyewe. Mwingereza David Hockney, mchoraji mashuhuri wa rangi za mafuta na za akriliki (rangi zinazochanganywa na maji) kwa miongo mingi, alikuwa akichora maua kwa kidole gumba kwenye iPhone kabla hata iPad haijaingia sokoni mwaka 2010, na brashi hakuiacha.

Hapa utachora sura moja mara mbili: dakika 40 kwenye simu, kisha vikao viwili vya saa moja na nusu kwenye kibao cha hadibodi, kwa brashi na akriliki.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Upande wa simu:

- Simu au tableti yenye kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) ya GB 4 au zaidi. Kioo cha inchi 6 kinatosha kujifunzia.
- Programu moja tu. Kwa Android, ibisPaint X, Sketchbook au Infinite Painter zinafaa, na unaweza kuanza bila kulipa. Mwenye iPad anaweza kununua Procreate. Chagua moja uchore sura 10 kabla ya kufikiria nyingine. Kuhama programu kila wiki kunakurudisha mwanzo kila wiki.
- Kitambaa kikavu cha pamba cha kufutia kidole na kioo.
- Pawa benki, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi hutaki kuharakisha sura ya mtu. Itumie kuchajia wakati wa mapumziko, si wakati unachora. Sababu iko mbele.

Upande wa kibao:

- Hadibodi ya unene wa milimita 3, iliyokatwa sentimita 30 kwa 40. Fundi seremala atakukatia vipande kadhaa kutoka ubao mmoja.
- Gundi nyeupe ya mbao, msasa namba 220, na jeso ya akriliki (mpako mweupe wa chini unaoshika rangi). Ukikosa jeso, rangi nyeupe ya maji ya ukutani isiyong'aa inafaa kwa mazoezi. Kwa kazi ya kuuza au ya kumpa mtu aitundike, tafuta jeso ya kweli. Rangi ya ukuta ni dhaifu na hubadilika kwa miaka.
- Tyubu tano za akriliki: nyeupe ya titani, manjano ya udongo, siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu wa kigae), nyekundu, na buluu ya ultramarini. Nyeusi iache dukani kwa sasa.
- Brashi tatu: bapa ya milimita 20, bapa ya milimita 10, na ya mviringo namba 4.
- Makaa laini ya kuchorea au penseli 4B, rula, vitambaa, na kichupa cha kupuliza maji.

Anayependa kitambaa kuliko ubao atumie marikani nzito isiyopaushwa. Ifue kwanza kwa maji ya moto ili wanga utoke na inywee kabla ya kuipaka chochote. Asiyefanya hivyo huona kitambaa kikijikunja na kukunyanza siku ya jeso ya kwanza.

Hatua

1. Andaa kibao siku moja kabla. Sugua upande laini wa hadibodi kwa msasa mpaka usiteleze chini ya kidole, ufute vumbi. Paka gundi iliyochanganywa na maji, gundi kipimo 1 kwa maji vipimo 2. Ikikauka, paka jeso mara tatu: ya kwanza kwa urefu, ya pili kwa upana, ya tatu kwa urefu tena, na kati ya kila mpako pitisha msasa kidogo. Paka na upande wa nyuma mara moja. Watu wengi huruka mpako huu wa nyuma, kisha masika yakiingia kibao hunyonya unyevu upande mmoja na kupinda kama kuti la mnazi lililoanguka.

Usitumie rangi ya mafuta inayong'aa kama mpako wa chini. Akriliki haishiki juu yake. Itabanduka kwa ukucha.

2. Omba ruhusa, kisha tafuta mwanga. Piga hodi, msalimie mzee kwa shikamoo yake, umweleze kwamba utamchora mara mbili, kila kikao kitachukua muda gani na picha itakwenda wapi. Wapo wasiotaka sura zao zichorwe kwa sababu za dini, na mwanamke aliyevaa nikabu usimwombe aifungue. Ukiambiwa hapana, shukuru na uondoke vizuri. Ukiambiwa ndiyo, bado muulize tena kabla ya kuituma picha popote: kukubali kuchorwa si kukubali kusambazwa kwenye makundi ya WhatsApp.

Mahali pazuri ni baraza iliyo kivulini, au ndani ya mlango uliofunguka upande mmoja. Vichochoro vya Mji Mkongwe vina zawadi kwa mchoraji wa sura: jua linapiga ukuta wa chokaa wa upande mmoja, nuru laini inarudi kwa aliyekaa upande wa pili, na kivuli cha shavu hakifi kikawa shimo jeusi. Kaa naye kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi, au kuanzia saa 10 jioni. Adhuhuri macho yanageuka mashimo mawili na pua inaangusha kivuli mdomoni. Mkalishe ili upande mmoja wa uso uwe na nuru zaidi ya mwingine. Nuru iliyo sawa pande zote haikupi umbo la kuchora.

3. Weka simu sawa. Zima kichujio cha usiku kinachofanya kioo kiwe cha manjano. Ukikisahau, rangi zote utakazochagua zitakuwa za uongo. Zima mwangaza wa kujirekebisha wenyewe na uuweke kwenye asilimia 70 hivi. Zima arifa.

Fungua ukurasa wa pikseli 2400 kwa 3200. Huo ni uwiano wa 3 kwa 4, sawa na kibao chako cha sentimita 30 kwa 40, na utauhitaji hatua ya 9. Simu ikiwa nzito, fungua 1500 kwa 2000.

Chagua brashi moja ngumu ya mviringo au ya bapa, uipe uzito wa rangi (opacity) wa asilimia 30 hadi 40 ili rangi ijengeke kwa kupita mara mbili au tatu. Kioo cha kawaida hakijui umekandamiza kidole kwa nguvu kiasi gani, kwa hiyo kukandamiza hakusaidii kitu. Uzito wa rangi unatoka kwenye mpangilio wa brashi na idadi ya mapito. Kitulizi cha mstari kiweke chini kabisa. Kinafaa kwa herufi, lakini kwenye sura kinanyoosha mstari wa taya mpaka usiwe wa mtu yeyote.

4. Jaza ukurasa rangi ya kati. Usianze kwenye weupe. Juu ya weupe kila kahawia inaonekana nyeusi, na mchoraji hujikuta amempausha mtu bila kujua. Jaza rangi ya ukuta ulio nyuma yake au kahawia ya vumbi.

5. Weka umbo la kichwa kama doa moja. Tabaka jipya (karatasi angavu ya programu inayolazwa juu ya ukurasa), brashi pana, kidole cha shahada. Doa moja kwa kichwa chote, moja kwa shingo, moja kwa mabega. Usichore mstari wa nje kisha ukaujaza; sukuma rangi kutoka katikati kwenda pembeni mpaka umbo lifanane.

Mwenye kofia huleta kosa maalumu. Ndani ya kofia kuna fuvu. Anayeanza huiweka kofia juu ya nyusi kama kifuniko cha sufuria, na kichwa kinatoka kifupi. Chora kichwa kizima kwanza, na macho yakae karibu nusu ya urefu wake, kisha mvishe kofia juu ya fuvu hilo. Kwa mtandio au ushungi ni vivyo hivyo.

6. Tenga kivuli na nuru, rangi mbili tu. Finya macho mpaka vitu vidogo vipotee. Utaona uso umegawika sehemu ya nuru na sehemu ya kivuli. Paka hivyo viwili tu. Kwa programu zinazopima rangi kwa digrii za duara (aina ya rangi), ukolezi (ukali wake) na mwangaza, vipimo hivi ni mahali pa kuanzia, si sheria:

- Ngozi nyeusi, sehemu ya nuru: digrii 20, ukolezi 55, mwangaza 38.
- Ngozi nyeusi, kivuli: digrii 12, ukolezi 60, mwangaza 17.
- Ngozi ya maji ya kunde, nuru: digrii 24, ukolezi 50, mwangaza 58, kivuli: digrii 15, ukolezi 58, mwangaza 30.
- Ngozi nyeupe zaidi, nuru: digrii 26, ukolezi 38, mwangaza 76, kivuli: digrii 17, ukolezi 48, mwangaza 48.

Kwenye nuru ya nje pale ukuta wa chokaa unaporudisha mwanga, kivuli cha chini ya kidevu huwa na joto la rangi. Kiangalie vizuri kabla hujakigeuza kijivu.

Ukishika hatua hii, nyingine zote ni rahisi. Ukifika dakika ya 15 na sura bado haifanani na mwenyewe kwa rangi hizi mbili, rekebisha hapa hapa. Kope na nyusi hazitamwokoa.

7. Ongeza rangi ya tatu na mng'ao. Kati ya nuru na kivuli kuna ukanda mwembamba ulio na rangi kali kuliko pande zote mbili. Ongeza ukolezi kwa 5 au 8 hapo. Kisha mng'ao: paji la uso, ncha ya pua, mfupa wa shavu. Kwenye ngozi nyeusi iliyo nje, mng'ao hauwi mweupe, unachukua rangi ya anga: jaribu digrii 210, ukolezi 15, mwangaza 68. Paka madoa matatu au manne, usizidishe. Mng'ao mwingi unamfanya mtu aonekane ametoka baharini.

8. Weka macho, pua na mdomo, kisha acha. Kuza ukurasa mpaka jicho liwe pana kama vidole viwili. Weka kivuli cha tundu la jicho, kivuli cha chini ya pua, na mstari mweusi kati ya midomo. Weupe wa jicho si mweupe. Ni kijivu chenye joto, mara nyingi si mkali kuliko ngozi ya shavu lenye nuru. Mstari wa kati ya midomo unabeba mfanano kuliko midomo yenyewe, upe dakika zake.

Dakika 40 zikitimia, simama. Hifadhi faili lenye matabaka yote, toa na nakala ya picha ya kawaida, na uweke nakala nje ya simu. Kama programu yako imerekodi uchoraji, itazame mara moja kwa kasi. Utaona mwenyewe ni dakika ya ngapi ulikimbilia jicho.

9. Hamishia kwenye kibao kwa miraba. Usichapishe picha ukaipaka rangi juu. Kwenye simu, chora katika tabaka jipya miraba 3 kwa upana na 4 kwa urefu; kila mmoja ni pikseli 800, au 500 kama ulifungua ukurasa mdogo. Kwenye kibao, miraba hiyo hiyo ni sentimita 10 kila mmoja. Miraba iliyobeba uso igawe tena mara mbili, ipatikane ya sentimita 5. Chora kwa makaa umbo kubwa na mpaka wa kivuli tu, ukifuata mahali mistari inapokata miraba. Pukuta makaa kwa kitambaa kikavu mpaka ibaki alama hafifu; makaa mengi yakichanganyika na akriliki huchafua ngozi.

10. Changanya rangi kabla mtu hajakaa. Akriliki hukauka haraka, na wakati wa kaskazi haraka zaidi. Tandika kitambaa chenye maji ndani ya kifuniko bapa cha plastiki, juu yake karatasi ya kuokea, uchanganyie hapo, ukipuliza maji kila dakika 10.

- Kivuli cha ngozi nyeusi: siena vipimo 2, ultramarini kipimo 1. Mchanganyiko huu ni mweusi wenye uhai. Ndiyo maana nyeusi ya tyubu haihitajiki.
- Nuru ya ngozi nyeusi: siena 3, manjano ya udongo 1, ncha ya brashi ya ultramarini.
- Ukanda wa kati: siena 3, nyekundu robo kipimo.
- Mng'ao: nyeupe 2, ultramarini robo, siena nusu.

Nyeupe ndiyo inayoharibu ngozi nyeusi kuliko rangi nyingine yoyote. Ukitaka kung'arisha, ongeza manjano ya udongo kwanza, nyeupe mwisho na kidogo. Anayeanza na nyeupe hupata uso wa majivu. Kwa ngozi nyeupe zaidi, manjano ya udongo na nyeupe huwa msingi, siena ikawa kiungo.

Akriliki ikikauka huwa nzito kuliko ilivyokuwa mbichi, hivyo changanya nuru ing'ae kidogo kuliko unavyoitaka. Paka doa pembeni mwa kibao, lisubiri dakika tatu, ndipo uamue.

11. Kikao cha kwanza: simu kando, brashi kubwa. Funika kibao chote kwa brashi ya milimita 20: nyuma, kivuli, nuru. Simu iweke kama daftari la rangi, uiangalie kila unapopotea. Usijaribu kufikia mng'ao wake. Kioo kinatoa mwanga, rangi inaurudisha tu. Unachofananisha ni umbali kati ya kivuli na nuru.

12. Kikao cha pili: zima simu. Sasa angalia mtu peke yake. Hapa ndipo ukingo unapofanyiwa kazi: taya upande wa nuru iwe kali, upande wa kivuli ipotee ndani ya nyuma. Kidole hakiwezi kazi hii, brashi ya milimita 10 inaiweza. Ya mviringo ishike robo saa ya mwisho, kwa macho, tundu la pua na nakshi chache za kofia. Nakshi zote usizichore. Kumi zilizokaa vizuri zinatosha kumwambia anayetazama kwamba zipo mia.

Unapokwama

*Mistari inaruka au inajichora yenyewe.* Kidole au kioo kina jasho. Futa vyote viwili. Kama simu iko kwenye chaji, ichomoe. Chaja duni huvuruga usomaji wa mguso, na kioo kinasoma vidole visivyokuwepo.

*Kiganja kinaacha alama.* Simu haijui kutofautisha kiganja na kidole. Egemeza kidole kidogo kwenye fremu ya simu, kiganja kikae hewani, au weka kitambaa kilichokunjwa mara nne chini ya mkono.

*Kidole kinaziba ninachokichora.* Zungusha ukurasa ili kidole kiingie kutoka upande ambao hakifuniki sehemu unayolinganisha nayo. Weka doa, inua kidole, tazama, ndipo uweke jingine.

*Sura inatoka kama plastiki.* Umetumia kifaa cha kusugua rangi. Kiache kabisa kwa sura 10 za mwanzo. Ukitaka mpito laini, chukua rangi ya katikati kwa kushikilia kidole juu ya mpaka, kisha ipake kama doa la tatu.

*Pua imekuwa kubwa nilipochora kutoka picha.* Picha ilipigwa karibu mno. Lenzi pana ya simu huvuta kilicho mbele. Rudi nyuma mita 2, kuza mara 2, upige tena. Na rangi usizichukue kutoka kwenye picha hiyo: kamera ya simu hung'arisha vivuli ili kila kitu kionekane, ikaondoa kile kile unachokitafuta.

*Kwenye simu imefanana, kwenye kibao haikufanana.* Piga picha ya kibao, igeuze pamoja na ya simu kuwa nyeusi na nyeupe, uziweke pamoja. Mara nyingi tatizo si rangi; kivuli cha kibao kimekuwa chepesi. Kizidishe uzito kabla hujagusa kitu kingine.

*Programu inajifunga au inakataa tabaka jipya.* Unganisha matabaka yabaki manne: nyuma, mwili, kichwa, miraba. Ikishindikana, punguza ukurasa.

*Buluu na kijani zimefifia kwenye karatasi iliyochapishwa.* Wino haufikii rangi kali za kioo. Punguza ukolezi wa kanga au ukuta nyuma kabla ya kupeleka kuchapisha, na mwombe mchapaji kipande kidogo cha majaribio cha uso tu.

*Kibao kimeota ukungu.* Kilikaa ukutani pasipopita hewa. Kifute kwa kitambaa chenye maji kidogo, kianike kivulini, na ukirudishe kikiwa na vipande vya kizibo nyuma ili kisigusane na ukuta. Vibao vilivyohifadhiwa visilaliane uso kwa uso. Akriliki hulainika kwenye joto, na ukivitenganisha sura moja itabaki na kipande cha shavu la mwenzake.